Nondo kuoza ndani ya zege: kinachoendelea huko ndani kabla hujaona ufa (uzi mrefu)

Kokoto Nusu:

Wakuu habari za muda huu.

Kila mara mtu anatupia picha ya slabu imebanduka, nondo ziko nje zimekula kutu, majibu yanakuja mawili tu, "ziba na simenti" au "fundi alipunja simenti", halafu basi. Mimi kazi yangu ni kukagua na kukarabati majengo ya zege na hili jambo linaniuma kwa kweli, kwa sababu watu wanamwaga hela mara mbili mara tatu pale pale, na wakati huo tatizo linazidi kutembea kwenye nondo ambazo hawazioni. Leo naandika ninachokijua. Ni mrefu, mwenye haraka asome kwa awamu.

Tuanze na hili. Nondo ukiiacha nje ikanyeshewa inapata kutu ndani ya siku chache tu. Nondo hiyo hiyo ukiizika kwenye zege, zege ambalo limechanganywa na maji na linabaki na unyevu miaka yote, unaweza kuja kulivunja baada ya miaka hamsini ukaikuta na rangi ile ile iliyotoka nayo kiwandani. Kwa nini? Wengi wanajibu kwamba zege linazuia maji. Hapana wakuu. Zege limejaa vitundu vidogo sana, linanyonya maji, na hewa inapita humo polepole. Kinacholinda nondo ni kemia. Simenti ikishaungana na maji inazaa chokaa, yaani kalsiamu haidroksaidi, pamoja na alkali kidogo za sodiamu na potasiamu, na yale maji yaliyobaki kwenye vitundu yanakuwa na pH, yaani kipimo cha asidi na alkali, ya 12.5 mpaka 13.5 hivi. Kwenye alkali kali namna hiyo chuma kinajivika chenyewe ngozi ya oksaidi, nyembamba mno, unene wake nanomita chache tu. Ngozi hiyo ikiwa salama chuma kinalika kama mikroni moja (sehemu ya elfu ya milimita) kwa mwaka au chini ya hapo, ambayo kwa maisha ya jengo ni sawa na hakuna.

Kwa hiyo usiulize maji yameingia wapi peke yake, uliza ile ngozi imeondolewa na nini. Wabaya wake wakubwa ni wawili, hewa na chumvi, na kila mmoja ana namna yake ya kuua.

Hewa kwanza. Kwenye hewa kuna kaboni dayoksaidi, inaingia kwenye vitundu, inayeyuka kwenye ule unyevu, inakutana na chokaa na kuigeuza kuwa kalsiamu kaboneti, kitu kile kile cha mawe ya chokaa. Zege lenyewe halidhuriki, tena linaweza kuwa gumu zaidi kidogo, ndio maana huwezi kujua kwa kuligonga. Kinachopotea ni alkali, pH inashuka chini ya 9 na kwenye pH hiyo ile ngozi ya nondo haisimami tena. Mabadiliko haya yanaanzia juu yanaingia ndani kama mstari unaosogea, na mwendo wake unafuata kipeuo cha pili cha muda. Maana yake ni hii: kama mstari umeingia milimita 10 kwa miaka 10, hautafika milimita 20 mwaka wa 20, utafika mwaka wa 40. Mtu akisikia hivyo anafurahi, anaona mambo yanapungua kasi yenyewe. Sasa igeuze. Zege hilo hilo, nondo ikiwa imefunikwa na milimita 30, mstari unaifikia baada ya miaka 90. Fundi akiilaza nondo kwenye mbao bila kuinyanyua vizuri ikabaki na milimita 15, mstari unafika kwenye mwaka wa 22 au 23. Umepunguza kava, yaani unene wa zege linalofunika nondo, kwa nusu, umri umebaki robo. Hapo ndipo majengo mengi yanapofia, kwenye zile milimita kumi na tano ambazo siku ya kumwaga zege hakuna aliyeinama kuzipima.

Halafu kuna jambo la unyevu. Mstari huu unakwenda kasi zaidi zege likiwa na unyevu wa kati, kwenye asilimia 50 hadi 70 hivi. Likiwa kavu kabisa hakuna maji ya kuendesha kemia, likiwa limeloa chepechepe vitundu vimejaa maji na gesi haipiti. Lakini kutu yenyewe inataka unyevu mwingi zaidi ya huo. Ndio maana unakuta ukuta wa zege wa ndani, sehemu kavu, alkali imeisha mpaka kwenye nondo na bado nondo nzima, halafu ukingo wa balkoni wa jengo hilo hilo umebanduka vibaya. Balkoni inakauka, inaruhusu gesi iingie, kisha inanyeshewa na kutu inapata maji yake. Sehemu zinazoloa na kukauka, kuloa na kukauka, ndizo za kuzichunga.

Chumvi nitaiandika hapo chini, ngoja nipumzike.

Chapakazi:

Mkuu endelea tupo. Ila kabla hujafika kwenye chumvi naomba kuuliza, nondo zikikaa saiti miezi kadhaa zikawa nyekundu kabla ya kumwaga zege, zinafaa au ndio tumeshapanda mbegu ya tatizo? Maana hapo kila mtu anasema lake.

Kokoto Nusu:

Chapakazi, kutu nyepesi ya kahawia ambayo ukipitisha kidole inaacha rangi tu haina shida, zege likimwagwa ile alkali inakivika chuma ngozi yake hata kwenye uso wenye kutu kidogo, na ule ukwaruzo hauharibu mshiko wa zege. Kutu inayotoka kwa magamba ile, ambayo ukiigonga inadondoka, hiyo isuguliwe na brashi ya waya mpaka itoke yote, halafu upime kipenyo kilichobaki. Isipokuwa nondo zilizokaa karibu na bahari. Hizo hata zikiwa na kutu kidogo zioshe kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kwa sababu humo kwenye kutu kumejificha kloraidi, ile sehemu ya chumvi inayokula chuma, na ukizika hivyo umeiweka chumvi kwenye chuma chenyewe, hata kusafiri haina haja.

Ambayo inatuleta kwenye mbaya wa pili.

Kloraidi haihangaiki na chokaa. Alkali inaweza kuwa pale pale, pH 13, na kloraidi ikapenya mpaka kwenye nondo ikatoboa ile ngozi sehemu moja ndogo. Pale ilipotoboa chuma kinaanza kuyeyuka, kinaungana na kloraidi, mchanganyiko huo unaachana tena ndani ya maji na kutoa asidi, na kloraidi inarudi huru kufanya kazi ile ile upya. Haiishi! Kidogo tu kinatumika tena na tena. Ndani ya kile kishimo pH inaweza kushuka chini ya 5 huku sentimita chache pembeni ni 13. Nondo iliyoliwa na hewa inachakaa sawasawa kote, lakini iliyoliwa na chumvi inaweza kuonekana nzima mita nzima halafu sehemu moja imeliwa karibu ikatike. Nimeshika mkononi nondo za hivyo, upande mmoja mbavu zake za kiwandani unazihesabu zote, upande wa pili kuna shimo kidole kinalala.

Kiwango ambacho watu wa fani wanakitumia sana kama mstari wa hatari ni kloraidi asilimia 0.4 ya uzito wa simenti. Sio ukuta kwamba chini ya hapo uko salama, kuna zege linaanza kuoza mapema zaidi na lingine linavumilia, inategemea simenti na unyevu, lakini namba hiyo inakupa picha jinsi kidogo kinavyotosha.

Chumvi inaingia kwa njia mbili. Inatoka nje, upepo na maji ya bahari, au chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu kwenye nchi za baridi. Au inaingizwa siku ya kuchanganya zege, kwa mchanga wa pwani usiooshwa, kwa maji ya chumvi, na zamani kwa kalsiamu kloraidi iliyowekwa makusudi ili zege likauke haraka. Hiyo ya mwisho ilitumika sana duniani mpaka miaka ya 1970, Uingereza waliizuia kwenye zege lenye nondo mwaka 1977, na majengo ya kipindi kile bado yanawatesa wenyewe.

Na tena hawa wabaya wawili wanasaidiana. Simenti ina tabia ya kuifunga sehemu ya kloraidi ndani yake isitembee. Kaboni dayoksaidi ikija inavunja kile kifungo na kuiachia. Kwa hiyo jengo la pwani lenye kava jembamba linapigwa kotekote.

Mzee wa Saiti:

Kijana umeeleza vizuri ila mimi nina mashaka kidogo. Nimejenga miaka mingi, nimeona kuta za zege zilizosimamishwa ndani ya bahari kabisa, ziko majini usiku na mchana na hazijapasuka. Kama chumvi ni mbaya kiasi hicho mbona hizo hazijaanguka?

Kokoto Nusu:

Shikamoo mzee wangu. Unachosema ni kweli na kinaeleza jambo zima. Kutu ni betri. Sehemu moja ya nondo chuma kinayeyuka na kuachia elektroni, hiyo ni anodi. Elektroni zinapita ndani ya nondo yenyewe mpaka sehemu nyingine, kathodi, na pale zinakutana na maji na oksijeni. Unyevu wa kwenye zege ndio unaofunga mzunguko. Ukikosekana mguu mmoja betri inasimama. Zege lililo chini ya maji muda wote limejaa chumvi kweli, lakini oksijeni inayopenya kwenye maji mpaka kwenye nondo ni kidogo mno, kwa hiyo kutu inakwenda taratibu sana. Sasa panda juu kidogo pale mawimbi yanaporukia, na pale maji yanapojaa na kupwa. Pale pana chumvi, pana maji, pana hewa, na kila pakikauka maji yanaondoka chumvi inabaki, kesho inaongezwa nyingine. Ukienda kwenye gati lolote la zamani angalia usawa huo wa nguzo kabla hujaangalia kwingine.

Kuna mfano mmoja naupenda sana. Meksiko, rasi ya Yucatán, kuna gati la Progreso lililokamilika mwaka 1941. Wajenzi walikuwa na kokoto ya chokaa isiyo nzuri na joto la bahari, wakaamua kuweka nondo za chuma kisichoshika kutu, ile tunayoita stenlesi, kwenye sehemu zake. Gati hilo bado linatumika. Miaka ya 1960 likajengwa lingine pembeni yake kwa nondo za kawaida, bahari ile ile, na hilo limeshabomoka, vimebaki visiki vya nguzo. Ukiona picha ya hayo mawili pamoja hutauliza tena kama chumvi inaua.

Mzee kama hizo kuta ulizoziona hazina nondo kabisa basi ndio hazina hata habari. Warumi waliacha zege lao baharini miaka elfu mbili na liko, hawakuweka chuma ndani.

Mzee wa Saiti:

Marahaba. Hapo nimekuelewa. Ya usawa wa mawimbi nimeiona kwa macho yangu nilikuwa sijui sababu, sisi tulikuwa tunasema ni maji yanapiga.

binti_wa_fundi:

Kaka naomba msaada wako. Balkoni yetu ilibanduka sehemu moja karibu na nguzo, tukaita fundi akavunja palipoachia, akasugua nondo, akaziba vizuri na simenti nzuri kabisa, pakapendeza. Baada ya muda pakabanduka pembeni ya pale pale, kama vile ugonjwa umehama, na kile kiraka chenyewe kiko imara hakina hata ufa. Tukaziba tena na sasa naona mstari wa ufa upande wa pili. Tunakaa karibu na bahari. Fundi anasema zege la zamani limechoka. Ni kweli?

Kokoto Nusu:

Dada, hicho ulichokieleza ndio hasa kilinifanya niandike uzi huu, kwa hiyo nivumilie nitakwenda taratibu.

Rudi kwenye ile betri. Pale palipooza mwanzo palikuwa anodi. Ikiwa anodi inaoza, nondo ya pembeni inakuwa kathodi, na chuma kikiwa kathodi kinalindwa, hakiozi, hata kama chumvi imekizunguka tayari. Yaani sehemu iliyokuwa inakufa ilikuwa inawalinda majirani zake. Fundi wako akaja akasafisha vizuri, akaweka simenti mpya yenye alkali kali isiyo na chumvi. Kipande hicho cha nondo sasa kina afya, kimekuwa kathodi. Lakini lile zege la pembeni ambalo halikuvunjwa lina kloraidi ile ile, na sasa halina mlinzi. Mpaka wa kiraka unakuwa anodi mpya. Kwa hiyo kiraka kiko imara kwa sababu kilifanywa vizuri, na pembeni panabanduka kwa sababu hiyo hiyo. Ukiziba hivyo utazunguka balkoni nzima.

Kinachotakiwa kwa hali yenu: kwanza mjue chumvi imefika wapi. Inachukuliwa unga wa zege kwa kutoboa na drili kina baada ya kina, unapelekwa maabara, unapata kloraidi ni kiasi gani kwenye milimita 10, 20, 30 na kuendelea. Ukishajua unachagua. Ama unavunja zege lote lenye chumvi, sio lile lililoachia peke yake, mpaka nyuma ya nondo kama milimita 20 hadi 25 ili mkono na brashi vizunguke nondo nzima, na kwa urefu unaendelea mpaka ukute chuma safi kisha unaongeza kidogo. Ama, kama balkoni haiwezi kuvunjwa yote, yanafungwa mapande ya zinki kwenye nondo pembezoni mwa kiraka kabla ya kuziba. Zinki inakubali kuoza badala ya nondo, unairudisha ile kazi ya kulinda majirani lakini kwa kitu ambacho hatuna shida kikiisha. Kwa majengo makubwa na madaraja wanaweka umeme mdogo wa moja kwa moja wa kudumu unaolazimisha nondo zote ziwe kathodi, njia hiyo Richard Stratfull aliijaribu kwenye daraja California mwaka 1973 na mpaka leo ni moja ya dawa chache zinazosimamisha kutu ya chumvi bila kuvunja zege lote.

Na tafadhali, kama ufa uko kwenye mzizi wa balkoni, pale inapoungana na jengo, upande wa juu, msiipakie watu wala matangi mpaka mhandisi aione. Nondo za kubeba balkoni ziko juu sio chini, kwa hiyo kubanduka kwa chini kunaweza kuwa kubaya kwa macho tu lakini ufa wa juu kwenye mzizi ni habari nyingine kabisa.

binti_wa_fundi:

Asante sana kaka, ufa uko pembeni sio kwenye mzizi lakini tutaita mhandisi wiki hii. Sikuwahi kufikiria kwamba kiraka kizuri ndio kinasukuma tatizo pembeni.

Kibla:

Vipi kuhusu kupaka rangi za kuzuia maji au zile nondo za kijani zilizopakwa epoksi, ile rangi ngumu ya plastiki? Naona zinasifiwa sana.

Kokoto Nusu:

Kibla, rangi inasaidia kama imepakwa mapema, kabla alkali haijaisha au chumvi haijafika. Ikipakwa juu ya zege ambalo nondo zake zimeshaanza kuoza inafunika dalili tu, na unyevu ulioko ndani unabaki ndani.

Epoksi inategemea mkono wa anayeshika nondo. Ilianza kutumika kwenye daraja Pennsylvania mwaka 1973 na kwenye sakafu za madaraja imefanya kazi nzuri sehemu nyingi. Lakini madaraja ya visiwa vya Keys huko Florida, yaliyojengwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, yalionyesha kutu chini ya ile epoksi ndani ya miaka michache tu, kwenye nguzo za pale pale mawimbi yanaporukia. Epoksi ikikwaruzwa wakati wa kubeba, kukunja na kufunga waya, chumvi inaingia pale kwenye mkwaruzo, inajipenyeza chini ya ngozi ya rangi na inachimba.

Mimi kwa maoni yangu hela ya mwanzo iende kwenye kava na kwenye maji ya kuchanganyia. Kava linyanyuliwe na vile vitofali vidogo vya zege, wengine wanaita biskuti, sio kokoto iliyookotwa chini na kabisa sio kipande cha nondo, maana hicho kinakuwa mlango wa kutu. Maji yakizidi ndio yanatengeneza ile mitandao ya vitundu. Uzito wa maji ukiwa chini ya nusu ya uzito wa simenti vitundu vinakatikakatika zege linapokomaa, njia zinaziba. Uzito huo ukizidi 0.7 ya uzito wa simenti havikatiki kabisa, hata umwagilie maji mwaka mzima. Na kumwagilia kwenyewe, kinachokauka kwanza ni ngozi ya nje ya zege, ambayo ndiyo kava. Katikati ya nguzo patakomaa hata usipomwagilia, kava halitakomaa. Mtu anaacha kumwagilia siku ya pili halafu anapima nguvu kwa vile vitofali vya maabara vilivyolowekwa kwenye maji siku 28, vinafaulu, anafurahi. Vitofali vimekomaa, ukuta haujakomaa!

Chapakazi:

Hapo kwenye kumwagilia umenigusa mkuu. Sasa hii kutu inapasuaje zege gumu vile?

Kokoto Nusu:

Kutu inachukua nafasi mara mbili mpaka sita ya chuma kilichoizaa, inategemea aina ya kutu. Na zege lina nguvu sana likigandamizwa lakini likivutwa lina kama sehemu moja ya kumi ya nguvu hiyo. Kutu inasukuma kutoka ndani kwenda nje, kava linavutwa, linapasuka. Haihitaji kuliwa sana, chuma kikipotea chini ya sehemu ya kumi ya milimita inaweza kutosha kutoa ufa wa kwanza. Kwa hiyo ufa wa kwanza ni taarifa ya mapema, nondo bado ina karibu nguvu zake zote, na ukarabati ukifanyika hapo ni rahisi. Unautambua kwa sababu unafuata njia ya nondo, umenyooka, na mara nyingi una doa la kahawia.

Nyufa kadhaa sambamba zenye nafasi sawa chini ya slabu ni kama ramani ya nondo zenyewe. Ukiona hivyo chukua nyundo ndogo, gonga taratibu ukisogea. Zege zima linatoa sauti kali ya juu, palipoachia panatoa sauti ya uwazi, kama kuna kitu tupu. Weka alama ya chaki kila unaposikia hivyo, utashangaa eneo lilivyo kubwa kuliko ulilokuwa unaliona kwa macho.

Nguzo Tano:

Mkuu hii inahusiana na lile daraja lililoanguka Italia? Maana lile naambiwa lilikuwa la zege na lilianguka ghafla.

Kokoto Nusu:

Linahusiana, ila kwa ndugu yake mbaya zaidi. Daraja la Morandi pale Genoa lilifunguliwa 1967, likaanguka tarehe 14 Agosti 2018, watu 43 wakafa. Vile vishikizo vyake virefu vilikuwa ni nyaya za chuma zilizovutwa na kufunikwa ndani ya zege. Nyaya ndani zikawa zinaliwa na kutu na nje huoni kitu. Vishikizo vya mnara mmoja mwingine wa daraja hilo hilo vilishaongezewa nyaya za nje miaka ya 1990 baada ya kugundulika vimeharibika, mnara ulioanguka haukuongezewa.

Tofauti iko hapa. Nondo ya kawaida inaoza, zege linapasuka, linabanduka, unapata miaka ya kuonywa. Nyaya za kuvutwa zinafanya kazi karibu na kikomo cha nguvu zake muda wote, ni nyembamba, na shimo dogo la kutu linatosha kukata uzi mmoja, mzigo unahamia kwa wenzake. Tena zinapita ndani ya mabomba yanayojazwa simenti laini ya majimaji, na pale simenti hiyo isipojaa inabaki nafasi wazi, maji yenye chumvi yanaingia yanakaa. Kule Wales daraja la Ynys-y-Gwas lilianguka mwezi Desemba 1985 kwa sababu hiyo, bila dalili ya kuonekana kabla. Mwaka 1992 Uingereza wakasimamisha ujenzi wa madaraja mapya ya aina hiyo mpaka taratibu za kujaza mabomba zibadilishwe. Na kuna chuma cha zamani ambacho kinapasuka kwa haidrojeni inayozaliwa na kutu yenyewe, hicho ndicho kiliangusha sehemu ya daraja la Carola pale Dresden, Septemba 2024. Bahati nzuri ilikuwa usiku, hakuna aliyekuwa juu.

Kwa hiyo mtu akikwambia zege lake halina nyufa hivyo liko salama, muulize kwanza ndani kuna nondo za kawaida au nyaya za kuvutwa.

Chapakazi:

Na kwa nyumba ya kawaida mtu anajuaje mstari wa ile hewa umefika wapi? Kuna kipimo rahisi?

Kokoto Nusu:

Kipo, na ni kizuri kukitazama. Unavunja kipande kidogo cha zege sasa hivi, uso mpya usio na vumbi, unapuliza dawa ya fenofthalini iliyoyeyushwa kwenye spiriti. Zege lenye alkali linageuka waridi kali hapo hapo mbele ya macho yako, lililopoteza alkali linabaki na rangi yake ya kijivu. Unachukua rula unapima ule ukingo wa kijivu kutoka nje mpaka rangi inapoanzia. Ukiwa na kava la milimita 25 na kijivu ni milimita 8 kwenye jengo la miaka 30, nenda kalale. Kijivu kikiwa kimeshafika nondo, hesabu zinabadilika. Kumbuka tu fenofthalini haionyeshi chumvi, jengo la pwani linaweza kuwa waridi tupu mpaka nje na nondo zinaoza.

Kingine ni kupima volti kati ya nondo na elektrodi ya shaba iliyogusishwa juu ya zege. Ikisoma hasi zaidi ya milivolti 350 uwezekano wa kutu kuwa inaendelea pale ni zaidi ya asilimia 90, ikiwa haijafika hasi 200 uwezekano wa kuwa salama ndio asilimia 90, katikati hapo hujui. Zege lililojaa maji linadanganya kipimo hiki, linasoma hasi sana kwa kukosa oksijeni tu, kwa hiyo asome mtu anayeelewa.

Nguzo Tano:

Nimewahi kuona mahali walivunja chini ya sakafu ya maegesho, nondo ikawa haina kutu nyekundu kabisa, ilikuwa na kitu cheusi kijani kama matope, na baada ya muda kikageuka kahawia. Wakasema hiyo sio kutu. Zege la pale halikuwa na ufa wowote.

Kokoto Nusu:

Ilikuwa kutu mkuu, tena ya kuogopa. Oksijeni ikiwa kidogo chuma kinayeyuka bila kufika hatua ile ya kuvimba, kinakaa kama uji mweusi au wa kijani, kinapenyeza kwenye vitundu na hakisukumi zege. Ukikifungua kikapata hewa kinageuka kahawia machoni pako, ndicho ulichokiona. Mara nyingi utakikuta chini ya utando wa kuzuia maji ambao umepasuka sehemu moja, chumvi na maji vimeingia, hewa imezuiwa.

Kama hapo mahali bado unapafikia, waambie wasafishe ile nondo mpaka chuma kingʼae halafu wapime kipenyo kilichobaki pale palipoliwa zaidi, sio pale panapofikika kirahisi. Na wasikadirie kwa macho, kwa sababu nondo ya milimita 12 ikibaki 9 mtu anaona imepungua robo tu wakati ukipiga hesabu ya eneo umepoteza karibu asilimia 44 ya chuma. Hiyo namba ndiyo ya kumpelekea mhandisi aliyechora, ndiye atakayesema kama inatosha kuunga nondo mpya pembeni au slabu ile itegemezwe leo.